Nani Mwenye Maji Matulivu? Ghuba ya Kigoma na Walioigombea

Familia zinazoshuka Bangwe siku za mapumziko, au zinazolipa kiingilio na kuingia kwenye vijighuba vya Jakobsen kusini ya Katonga, hufuata kitu kimoja: maji yasiyomtisha mtoto. Mawe yamekinga upepo, mchanga hauchomi sana kwa kuwa miti iko karibu, na mzazi anaweza kukaa kivulini akamtazama mwanawe bila kuinuka kila mara. Hali hiyo huzungumzwa kana kwamba ni kazi ya maumbile peke yake, kwamba Mwenyezi Mungu aliipa Kigoma ghuba na mambo yakaishia hapo. Historia ya mwambao huu inasema vingine. Katika ziwa lenye urefu wa kilomita 670 hivi na kina kinachofika mita 1,470, maji matulivu ni kitu adimu, na kwa zaidi ya miaka 100 yamegombewa na serikali, majeshi, reli na meli. Mtoto anayeogelea alikuja mwisho kwenye foleni hiyo. Anapoogelea leo ni mahali ambapo wenye nguvu hawakupahitaji, au walipahitaji kisha wakapaacha. Ndiyo hoja ninayoitetea hapa, na ushahidi wake uanzie Ujiji, kwa sababu Ujiji ulikuwa mji mkubwa wakati Kigoma ilikuwa bado kijiji.

Ziwa Tanganyika si dimbwi. Limelala katika Bonde la Ufa, refu na jembamba, milima imelibana pande zote mbili, na kuanzia Mei hadi Septemba kusi hupata njia ndefu ya kusukuma maji bila kuzuiwa. Ufuo wa Ujiji uko wazi kwa mawimbi hayo, na kusini yake Mto Luiche humwaga mchanga na tope. Mtu wa bandari ya meli kubwa angepakataa mara moja. Hata hivyo Richard Burton na John Speke walipofika Kawele, Ujiji, Februari 1858, walikuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wamekwisha kuweka makazi, na soko ambalo watu wa ng'ambo zote walilijua. Pembe, watumwa, chumvi, mawese na samaki vilibadilishwa pale, na shanga zilizoitwa sofi zilihesabiwa kama fedha. David Livingstone alifika mara ya kwanza Machi 1869, Stanley akamkuta hapohapo mwaka 1871, na baada yao mji ukatawaliwa kibiashara na akina Mwinyi Kheri, kisha Rumaliza. Mji wote huo ulikaa juu ya ufuo usio na kinga. Sababu yake ni chombo kilichotumika: mtumbwi uliochongwa kwa gogo, mara nyingi kutoka misitu ya Ugoma upande wa magharibi. Mtumbwi hauhitaji gati wala nanga. Ukifika, watu wanaushika pande mbili na kuuvuta mchangani, na ziwa lichafuke litakavyo. Kwa chombo cha namna hiyo, ufuo mpana wenye mteremko mdogo una faida kuliko ghuba yenye kina. Utulivu haukuwa na bei kwa sababu hakuna aliyeuhitaji.

Kisha ziwa lenyewe likahama. Miaka mingi kabla ya hapo Mto Lukuga, ambao ndio mlango pekee wa maji ya Tanganyika kwenda Mto Kongo, ulikuwa umezibwa na tope na majani, na ziwa likawa linapanda taratibu na kuua miti ya ufuoni. Verney Lovett Cameron alifika mlangoni pale mwaka 1874, Stanley akaufuata mwaka 1876, na maji yalikuwa bado hayajapata njia ya kwenda kwa nguvu. Miaka michache baadaye kizuizi kikavunjika. Joseph Thomson alipofika mwishoni mwa 1879 aliukuta mto unakwenda kasi. Edward Hore, baharia mzoefu aliyetumwa na wamishenari wa London Missionary Society na kuishi Ujiji kuanzia 1878, alikuwa mahali pazuri pa kuona matokeo: ziwa lilishuka kwa karibu mita 10 katika muda wa miaka kumi na tano hivi. Sasa fikiria maana ya mita 10 kwenye ufuo wenye mteremko mdogo kama wa Ujiji. Maji hayashuki tu, yanaondoka. Leo mnara wa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, uliojengwa ulipokuwa ule mwembe wa kale, uko mbali na maji kwa mamia ya mita, na wageni huuliza ziwa limekwenda wapi. Ndani ya Ghuba ya Kigoma, ambako kando zake ni za mwinuko na kina kinaanza karibu, mita hizohizo 10 zilibadilisha kidogo tu. Kabla mhandisi yeyote hajachora ramani, ziwa lilikuwa limekwisha kuipunguzia Ujiji thamani na kuiacha Kigoma ilivyokuwa.

Wajerumani hawakuliona hilo mara moja. Walipoweka kituo cha kijeshi mwambaoni mwaka 1896 walikiweka Ujiji, kwa sababu watu na soko vilikuwa huko. Kilichowahamisha ni reli. Ujenzi wa reli ya kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora 1912, na Februari 1914 njia ikakamilika hadi Kigoma, zaidi ya kilomita 1,250 kutoka Bahari ya Hindi. Mwisho wa reli ulihitaji meli za chuma, na meli ya chuma haivutwi mchangani. Inataka kina karibu na nchi kavu, rasi ya kuikinga na upepo, na maji yasiyoigonga gatini wakati kreni inapakua. Rasi ya Bangwe kusini na vilima vya kaskazini vilitoa yote hayo, na Ujiji, umbali wa kilomita chache tu, haukutoa hata kimoja. Ofisi za serikali zikafuata reli. Jengo la stesheni lililojengwa wakati huo bado limesimama mkabala na ghuba, kubwa kupita mji uliokuwapo lilipowekwa msingi.

Wapo wanaosema Ujiji uliuawa na kukoma kwa biashara ya watumwa na pembe, na kwamba habari ya mawimbi ni kisingizio cha wapenda jiografia. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa biashara ya msafara ilikuwa imekwisha kuvunjika kabla reli haijaja, na nguvu za Rumaliza zilikwisha pamoja nayo. Lakini angalia mfuatano wa mambo. Biashara ilipokufa, Wajerumani bado waliuchagua Ujiji, na wenyeji hawakuhama. Kwa miongo kadhaa uliendelea kuwa na watu wengi kuliko Kigoma, misikiti yake ikijaa na soko lake likifunguliwa. Kama ni biashara peke yake, makao yangehama mwanzoni mwa miaka ya 1890. Hayakuhama hadi chombo kilipobadilika. Kufa kwa biashara ya zamani kuliudhoofisha Ujiji. Mahitaji ya meli yaliamua mji mpya ukae wapi.

Na mara utulivu ulipopata bei, wa kwanza kuununua walikuwa wanajeshi. Meli ya Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, na kiwanda cha Meyer, ikafunguliwa vipandevipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari na reli, kisha ikaunganishwa upya Kigoma na mafundi watatu, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, pamoja na vibarua Waafrika ambao majina yao hayakuwekwa kwenye vitabu. Iliteremshwa majini Februari 1915, na vita vikiwa vimekwisha kuanza ilifungwa mzinga badala ya kubeba abiria. Hapo ghuba ikawa ngome. Waingereza walileta boti zao mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa nchi kavu kupitia Kongo, wakaikamata meli ya Kijerumani Kingani Desemba 1915 na kuizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann, Februari 1916. Wabelgiji walileta ndege za majini upande wa Albertville, ambayo leo ni Kalemie, na Juni 1916 zikadondosha mabomu Kigoma. Mwisho wa Julai Wajerumani waliizamisha Götzen kwa mikono yao wenyewe, baada ya kupaka mitambo grisi nyingi ili isiliwe na kutu, wakaondoka kwa reli. Maji yaleyale ambayo leo tunayasifu kwa upole yalikuwa, kwa mwaka mmoja na nusu, sehemu ya hatari kuliko zote mwambaoni.

Wabelgiji walioingia baada yao waliiibua meli na kuikokota hadi ndani ya ghuba, na mwaka 1920 dhoruba ikaizamisha tena palepale bandarini. Tukio hilo ni muhimu kwa hoja hii kuliko linavyoonekana, kwa sababu linatukumbusha kwamba utulivu wa Kigoma ni wa kulinganisha. Ghuba imefunguka upande wa magharibi, na upepo ukitoka huko hakuna rasi inayousimamisha. Waingereza waliiinua meli mwaka 1924, na Mei 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Wakati huohuo mkataba wa 1921 ulikuwa umewapa Wabelgiji maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipate njia ya baharini. Faranga moja! Mtu anaweza kucheka, lakini bei ndogo vile haimaanishi kitu kilikuwa cha thamani ndogo. Ina maana tu kwamba waliolipa na waliopokea walikubaliana wao kwa wao, na wenye kuteka maji na kufua pale hawakuitwa mezani.

Hapo ndipo tunapofika kwa familia, na kwa pingamizi la pili, ambalo ni kali zaidi. Atakayelitoa atasema kwamba kwenda ufuoni kustarehe ni desturi ya wageni. Waha na Wajiji walikwenda ziwani kwa kazi, na kwa hiyo hakuna kilichoporwa. Sikubaliani. Kwanza, watoto wa mwambao huu wamekuwa wakiogelea tangu kuwe na mwambao. Mtoto wa mvuvi hujifunza maji kabla hajajifunza ngazi za nyumba. Kazi na mchezo vilikuwa mahali pamoja, mama akifua na watoto wakipiga mbizi hatua kumi kutoka kwake. Pili, hata kwa hao wanaodhaniwa kuwa wenye desturi, ufuo wa familia ni jambo la juzi. Australia, ambayo leo hutangaza fuo zake za ghuba kama za Port Phillip, karibu na Melbourne, kuwa mahali pa wazazi na watoto, ilianza kwa kukataza. Katika koloni la New South Wales sheria za karne ya 19 zilizuia watu kuoga mahali pa wazi saa za mchana, na mwaka 1902 mhariri wa gazeti, William Gocher, alizivunja hadharani katika ufuo wa Manly ili sheria ibadilishwe. Hakuna taifa lililozaliwa na bichi ya familia. Kila mahali ilibidi watu waipate kutoka kwa waliokuwa na matumizi mengine ya maji yaleyale.

Kigoma matumizi hayo mengine hayakuwa ya serikali tu, na hapa hoja yangu inanibidi nipunguze ukali. Nenda Kibirizi, kaskazini ya mji, au mwalo wa Katonga, ujionee anayeshindana na muogeleaji. Alfajiri vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, vinarudi, karabai na taa za betri zimezimwa, na dagaa wanamwagwa kwenye ndoo kabla jua halijawa kali. Saa mbili asubuhi mchanga wote umegeuka rangi ya fedha. Wanawake wanapita katikati ya dagaa walioanikwa, wakiwageuza kwa ufagio, wakifukuza kunguru na kuku, na mtoto anayekimbilia majini huitwa kwa sauti azunguke asije akakanyaga mali ya watu. Walio na vichanja huanika juu, na dagaa wao huuzwa kwa bei nzuri kwa kuwa hawana mchanga. Mbalamwezi inapojaa, samaki hawaifuati taa na mwalo hupumzika; nyavu zinashonwa, mitumbwi inazibwa, na watoto ndio wanaopata ufuo. Vivyo hivyo kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, uvuvi uliposimamishwa upande wa Tanzania ili samaki wazaliane, fuo za kazi zilikaa wazi kwa namna ambayo wengi hawakuizoea, ingawa mfukoni hakuna aliyesherehekea. Mwalo unaomnyima mtoto nafasi ndio unaomlisha, na kulinganisha dai la mama anayeanika dagaa na dai la jeshi lenye mzinga kungekuwa ni kukosa adabu.

Kuna dai la tatu, zito kuliko yote. Kwa muda mrefu maji ya Kigoma yamekuwa mlango wa watu wanaokimbia au wanaokwenda vitani. Aprili 1965 Che Guevara na wenzake Wakuba walivuka kutoka Kigoma usiku kwenda Kongo, na Novemba mwaka huohuo wakarudi wameshindwa. Mwaka 1996 vita vya Zaire vilileta mitumbwi iliyojaa familia, na mwaka 1997 Liemba ikatumika kuwarudisha wengi wao makwao. Lakini mwaka unaofundisha zaidi ni 2015. Warundi waliokimbia walifika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji karibu na mpaka, kisichokuwa na barabara ya gari wala gati. Makumi ya maelfu walikaa mchangani, kipindupindu kikawaingia, na njia ya kuwatoa ilikuwa Liemba, iliyosimama mbali na ufuo wakati boti ndogo zikiipelekea abiria mmoja mmoja, wazee na watoto wakinyanyuliwa juu ya mawimbi. Walipofika Kigoma walishuka gatini kwa miguu yao, wakapelekwa uwanja wa Lake Tanganyika, kisha kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Tofauti kati ya Kagunga na Kigoma ndiyo thamani yote ya maji matulivu, na anayetaka ghuba nzima igeuzwe mahali pa starehe aikumbuke.

Bado pana sauti moja ya kujibiwa, ya watu wa afya. Wao husema utulivu tunaousifu una ugonjwa ndani yake, na wako sahihi. Konokono wanaobeba kichocho hupenda maji ya kina kifupi, yasiyo na mawimbi, yenye majani; ufuo wa mawe unaopigwa na maji huwafaa kidogo. Ghuba iliyokingwa pia haijisafishi upesi, na watafiti waliochunguza ziwa kati ya 1995 na 2000 katika mradi wa bayoanuwai wa nchi nne walitaja maji machafu ya miji, Bujumbura, Uvira na Kigoma, miongoni mwa mambo yanayolitishia. Kwa hiyo familia zilizohamia nje ya ghuba, kwenye vijighuba vya mawe na mchanga vya upande wa kusini, zilichagua vyema hata kama hazikukusudia. Ila tuseme ukweli: vijighuba hivyo viko safi kwa sehemu kwa sababu mlangoni pana mtu anayedai kiingilio. Anayeshinda Kibirizi au Katonga na watoto watano hana namna ya kulipa kila Jumapili, na kwake hiari iliyobaki ni mchanga wa dagaa au maji yenye majani.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za bahari, ziwa au mto. Kwa maandishi, ukanda huo ndio ungekuwa ufuo wa kila mtu. Lakini mita 60 kutoka wapi? Ziwa lilishuka mita 10 baada ya 1878. Lilipanda baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962 hadi kufikia kilele mwaka 1964. Likashuka tena, na watu wakajenga na kulima mahali palipokauka. Kisha kuanzia 2020 likapanda kwa kasi, na katika 2021 na 2024 maji yakaingia katika nyumba, mialo na maghala kuanzia Bujumbura na Uvira hadi fuo za Kigoma. Aliyejenga kwa kupima mita 60 wakati ziwa limeshuka alijikuta ndani ya maji akiwa ametii sheria, na mchanga ambao watoto walichezea ulizama wakati ukuta wa nyuma yake ukibaki palepale, kwa hiyo ufuo haukuwa na mahali pa kurudi. Wakati huohuo gati mpya zimejengwa Kibirizi na Ujiji, na kila gati inayojengwa hufunga sehemu ya ufuo. Mpaka ukipimwa kutoka maji yalipofika mwaka 1964 na mwaka 2021, huenda baadhi ya ardhi ya ufuoni ikaonekana ilikuwa ziwa.